Magneto Isiyokubali Kuzimwa

Jumamosi moja ya msimu wa majani kupukutika tulifuatana na wazazi watatu wa jumuiya yetu hadi kiwanja kidogo cha ndege, hapa Uingereza, ambako kijana wetu mmoja anajifunza kurusha ndege za kuteleza. Ndege aliyokuwa akifundishiwa siku hiyo ni ya aina ya Falke: ina mabawa marefu, viti viwili vya ubavu kwa ubavu, na injini ndogo puani. Injini huipandisha ndege juu, kisha rubani huizima, na ndege huteleza kimya hewani kama mwewe.

Ndege ilitua, swichi ikazimwa, rafadha ikasimama. Kijana akaenda mbele, akanyoosha mkono aishike rafadha ili ndege isukumwe kando. Hapo fundi wa kiwanja, mzee wa umri wa babu zetu, akapiga ukelele uliotushtua sote: "Usiiguse!"

Hatukufahamu kosa lilikuwa wapi. Injini imezimwa; sasa hatari ipo wapi? Mzee yule hakujibu. Alifungua kifuniko, akatuonyesha waya mwembamba uliotoka nyuma ya magneto kwenda kwenye swichi. Ncha yake ilikuwa imelika kwa mtikisiko, na nyuzi mbili au tatu tu za shaba ndizo zilizokuwa zikiushikilia.

Magneto ni mtambo unaojitengenezea umeme wake wenyewe, bila kutegemea betri. Wenzetu waliopata kutengeneza mashine za boti au pikipiki za zamani huko kwetu pwani wanaijua. Sumaku huzunguka karibu na koili. Platini zinapofunguka ghafla, umeme mdogo wa koili hukatika, na papo hapo huzuka umeme mkali wa maelfu ya volti unaoruka kwenye plagi kuwa cheche. Si uvumbuzi wa jana: magneto ya umeme mkali ilitolewa na karakana ya Robert Bosch huko Stuttgart mwaka 1902, ikiwa ni kazi ya mhandisi Gottlob Honold.

Sasa, mtambo usiotegemea betri huzimwaje? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Waya wa taa ya nyumbani ukikatika, taa huzimika. Waya wa magneto ukikatika, mambo huwa kinyume chake: magneto haizimiki tena. Swichi inapogeuzwa kuzima, kazi yake ni kuupeleka umeme wa koili kwenye mwili wa injini, ambako hupotea bila kutoa cheche. Waya usipofika, swichi yageuzwa bure. Tena magneto hizi zina kifaa cha springi kinachoizuia sumaku kidogo kisha huiachia kwa ghafla, ili cheche ipatikane hata rafadha ikizungushwa polepole. Kifaa hicho kiliwekwa kuurahisisha uwashaji. Lakini ndicho kinachoufanya mkono wa mtoto uweze kuiwasha injini ikiwa limebaki tone la petroli ndani ya silinda.

Fundi akauliza kama yupo aliyeona jambo lisilo la kawaida siku za nyuma. Baada ya kimya kirefu, kijana wetu akasema kwamba Jumamosi iliyotangulia injini iliendelea kunguruma kwa nukta mbili tatu baada ya kuzimwa. Watu wakasema ni joto tu, na hakuna aliyeandika. Yeye aliona ni utovu wa adabu kuwapinga wakubwa. Sisi tunayajua malezi hayo, na hatuyaonei haya. Lakini katika kiwanja cha ndege, heshima ya namna ile yaweza kumkata mtu mkono.

Mzee alipotulia alitueleza mengi. Ndege nyingi ndogo zina magneto mbili na plagi mbili kwa kila silinda, na kabla ya kuruka rubani huzima moja baada ya nyingine ili azipime. Injini nyingi za Limbach zilizofungwa katika ndege hizi za kuteleza zina magneto moja tu. Mabawa yenyewe ndiyo akiba: injini ikifa na rafadha ikisimama, ndege husonga mbele mita 20 na zaidi kwa kila mita moja inayoshuka. Hoja hiyo yatosha ukiwa mita 1,000 juu. Ukiwa mita 60 tu, na mbele yako kuna miti, haituridhishi sana. Kwa hiyo rubani wa magneto moja hana ya pili ya kulinganishia; hana budi kusikiliza.

Ugonjwa unaowahadaa mafundi wengi ni ule wa joto. Injini huwaka vyema asubuhi, huruka dakika 20, kisha huanza kukohoa, au ikizimwa hukataa kuwaka tena. Watu hulaumu petroli, hubadilisha plagi, hunywa chai. Wakirudi, injini imepoa na inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Aghalabu ni koili: nyaya zake nyembamba zimekatika mahali, na zikipata joto hutanuka na kuachana. Kondensa nayo yaweza kufa vivyo hivyo, na platini zilizoungua hutoa ushahidi dhidi yake. Basi koili ipimwe ikiwa ya moto, si ikiwa baridi peke yake. Na cheche nzuri nje ya injini haitoshi kuwa hoja, kwani ndani ya silinda hewa imeshindiliwa na umeme hupata taabu zaidi kuruka.

Plagi zilizoachwa zikapanuka mwanya huilazimisha koili kutoa volti nyingi kuliko kawaida, na hivyo huiua mapema. Unyevu wa banda wakati wa baridi huingia ndani ya kifuniko cha kugawia cheche na kuufungulia umeme njia za kuvujia. Magneto za aina ya Slick hufunguliwa na kukaguliwa kila saa 500. Lakini klabu inayoruka saa 100 kwa mwaka itazifikia baada ya miaka mitano, na kutu haihesabu saa za kuruka.

Ama kuhusu waya ule, kipimo chake hakigharimu hata peni. Kabla ya kuzima kabisa, injini ikiwa inazunguka polepole, swichi hugeuzwa kuzima kwa muda mfupi mno na kurudishwa. Injini ikionyesha kufa, waya ni mzima. Ikiendelea kama haikusikia, hufungiwa petroli mpaka isimame, na rafadha haiguswi na mtu mpaka waya utengenezwe. Hata waya ukiwa mzima, mzee alisema, rafadha hushikwa kama bunduki yenye risasi.

Waya mpya ulifungwa jioni ile ile. Fundi alimpa kijana wetu daftari la ndege aandike yeye mwenyewe yaliyoonekana Jumamosi zote mbili. Aliandika mistari minne ya Kiingereza, na mama yake akataka asomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla hatujaingia garini.