Gesi ya Friji: Usikubali Iachiliwe Nyumbani Mwako

Leo tutazungumza juu ya friji, na hasa gesi iliyo ndani yake na fundi tunayemwita ikiharibika.

Pengine unasema, "Mimi sina friji, hayo hayanihusu." Ngoja kidogo. Siku hizi friji iko dukani unakonunua maziwa, iko kwa jirani anayeuza soda na barafu, na iko kwenye zahanati inakohifadhiwa chanjo ya mtoto wako. Tena huenda kijana wako aliyemaliza kidato cha nne anatafuta kazi ya mkono. Sikiliza hadi mwisho.

Mama mmoja alikuja kliniki kumchanja mtoto wake surua, yule wa miezi tisa. Nikaona amefunga vidole kwa kitambaa. Nilipomuuliza, alisema alikuwa akibandua barafu kwenye friji yake ya biashara kwa kisu cha jikoni. Kisu kikatoboa bomba. Gesi ikaanza kutoka kwa kishindo, naye akaziba tundu kwa vidole ili isiishe. Vidole vilipauka vikafa ganzi, kisha vikatoa malengelenge kama mtu aliyeungua. Wakati huo mtoto alikuwa akitambaa sakafuni hatua mbili kutoka hapo, na jiko la makaa lilikuwa linawaka. Bahati nzuri mlango ulikuwa wazi.

Mama huyo hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia kilichomo ndani ya friji. Basi na tuambiane leo.

Ni nini kilicho ndani ya friji?

Friji haitengenezi baridi kwa umeme peke yake. Ndani ya mabomba yake mna gesi inayozungushwa na mota. Gesi hiyo hufyonza joto la chakula ndani ya friji, kisha hulitoa nje kupitia mabomba yaliyo nyuma. Ndiyo maana nyuma ya friji huwa na joto. Mabomba yakiwa mazima gesi haiishi, hata miaka kumi. Kwa hivyo fundi akikuambia "gesi imeisha", jua kuna mahali inavuja. Akiongeza gesi bila kuziba tundu, baada ya muda mfupi utamlipa tena.

Angalia kibandiko kilicho nyuma ya friji au karibu na mota. Utaona herufi R na nambari. Friji kuukuu nyingi zina R-12. Zilizofuata zina R-134a. Nyingi za siku hizi zina R-600a, ambayo ni ndugu wa karibu wa gesi ya kupikia, na hushika moto.

Inadhuruje?

Kwanza, huunguza kwa baridi. R-134a hugeuka mvuke kwenye baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikugusa mkononi au machoni, hugandisha ngozi mara moja.

Pili, gesi hizi ni nzito kuliko hewa. R-134a ni nzito zaidi ya mara tatu, na R-600a mara mbili. Haziendi juu kama moshi. Hushuka chini na kutulia sakafuni. Sasa mama, jiulize: ni nani anayekaa sakafuni nyumbani mwako? Ni mtoto anayetambaa, na mtoto aliyelazwa kwenye mkeka. Na jiko je? Nalo liko chini.

Tatu, gesi ya friji haina harufu ya kukuonya. Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili ujue inavuja. Gesi ya friji haitiwi.

Nne, moto. R-600a ikifika kwenye jiko inaweza kulipuka. R-12 na R-134a haziwaki hivyo, lakini zikipita kwenye moto mkali hugeuka kuwa mvuke wa sumu unaochoma macho, koo na mapafu.

Sitaki kukutia hofu bure. Gesi ya friji moja ya nyumbani si nyingi. Mara nyingi ni gramu 100 hadi 200, na R-600a huwa chini ya hapo. Katika nyumba yenye hewa hutawanyika. Hatari ni pale chumba kinapokuwa kidogo na kimefungwa, moto unawaka, au fundi anapofungulia mtungi wake mkubwa ndani ya nyumba. Mtu akivuta gesi nyingi hupata kizunguzungu, moyo huanza kwenda mbio ovyo, na anaweza kuzimia kwa kukosa hewa.

Na ikienda angani?

Kuna fundi anayekata bomba, anaiachilia gesi, kisha anasema, "Imeenda na upepo, mama, usijali." Haijaenda kupotea.

Juu sana angani kuna tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, ile inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za aina ya R-12 zinaweza kulila tabaka hilo. Mwaka 1985 ikatangazwa kwamba tabaka hilo limepungua sana juu ya Antaktika. Mnamo 16 Septemba 1987 mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal wa kukomesha gesi hizo, na Kenya ikajiunga rasmi mwaka 1988. Sekretarieti ya mkataba huo iko hapa kwetu Nairobi, katika Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha R-12 na ndugu zake kuanzia 1 Januari 2010. Kwa sababu ya kazi hiyo tabaka la ozoni linapona polepole. Sisi tunaowalea watoto wenye ualbino tunajua vizuri jua linavyoweza kuumiza ngozi. Tuna kila sababu ya kulinda mwavuli huo.

R-134a haili ozoni, lakini hushikilia joto la dunia. Gramu 150 zikiachiliwa hewani, joto linaloongezeka ni sawa na la kuchoma lita zaidi ya 90 za petroli. Mwendesha boda boda huchukua siku nyingi kuchoma mafuta hayo. Fundi mmoja anayaachilia kwa dakika moja nyuma ya jikoni lako. Ndiyo sababu mwaka 2016, huko Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi hizi pia.

Fundi aliyefunzwa hufanya nini?

Fundi aliyefunzwa huinasa gesi. Anafunga mpira kwenye bomba la friji, anaunganisha na mashine ndogo ya kunyonya, na gesi inaingia kwenye mtungi maalumu. Baadaye huisafisha kwa kuipitisha kwenye vichujio vinavyotoa maji, mafuta na asidi, ili itumike tena.

Katika mafunzo hujifunza mambo haya:

Kutambua aina ya gesi, na kutochanganya mbili kwenye mtungi mmoja. Zikichanganyika haziwezi kusafishwa kwa vichujio vyake.

Kupima mtungi kwa mizani na kuacha kabla haujajaa zaidi ya asilimia 80. Gesi iliyo katika hali ya maji hutanuka kwa joto, na mtungi uliojaa pomoni ukiachwa juani unaweza kupasuka.

Kutafuta tundu kwa povu la sabuni na kwa gesi ya naitrojeni. Kamwe asitumie oksijeni. Oksijeni ikikutana na mafuta ya mota hulipuka, na vijana wameumia hivyo.

Kunyonya hewa na unyevu wote kwenye mabomba kabla ya kutia gesi mpya.

Kuchukua tahadhari na R-600a. Kwa kuwa ni kidogo na hushika moto, fundi anaweza kuitoa kwa mpira mrefu hadi nje, mbali na moto na watu. Hachomelei bomba likiwa bado na gesi.

Cheti hupatikana wapi?

Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, inayojulikana kama NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa gredi tatu: mtu huanza na ya tatu, kisha ya pili, halafu ya kwanza. Ufundi wa friji ni mmojawapo, na kituo cha NITA kilicho karibu nasi kiko Kisumu. Hata kijana aliyejifunzia kazini bila kukaa darasani anaweza kujiandikisha na kutahiniwa. Vyuo vya ufundi pia hufundisha. Wizara ya mazingira nayo ina ofisi ya ozoni ambayo imekuwa ikiandaa mafunzo ya mafundi juu ya kunasa gesi.

Kabla ya kulipa karo uliza maswali mawili: je, mwanafunzi atashika mashine ya kunasa gesi kwa mikono yake, au ataichora tu daftarini? Na je, cheti hiki kinatambuliwa na nani? Usimnyime binti yako nafasi hii. Kazi hii inahitaji makini na usafi zaidi ya nguvu.

Fundi kama huyo anatufaa sote. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto, ya surua na ya polio huharibika. Ikiganda, ile ya pepopunda na kifaduro huharibika. Friji ya zahanati ikiharibika na fundi wa kweli hayuko karibu, ni mama anayerudi nyumbani na mtoto ambaye hajachanjwa.

Maswali ya wasikilizaji

Barafu ikijaa kwenye friji nifanyeje? Zima friji, chomoa waya, acha mlango wazi na uweke bakuli la maji ya moto ndani. Barafu itaachia yenyewe. Usitumie kisu, bisibisi wala msumari.

Gesi ikitoka ghafla? Toa watoto nje kwanza. Fungua milango na madirisha. Usiwashe kiberiti, na usiguse swichi. Kama unaweza kuzima jiko la gesi bila kukawia, lizime. Jiko la makaa usilimwagie maji wala kulibeba, ondoka. Usizibe tundu kwa mkono.

Mtu akiumia? Kiungo kilichogandishwa kitie kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, na usikisugue. Jicho lioshe kwa maji safi kwa dakika 15. Aliyevuta gesi mpeleke penye hewa safi, alale atulie, asikimbie. Usimpe maziwa, hayaondoi gesi mapafuni. Kisha mpeleke hospitali au zahanati iliyo karibu, hata kama anasema amepata nafuu.

Friji mbovu nimuuzie mnunuzi wa vyuma? Unaweza, lakini fundi anase gesi kwanza. Na friji ikiwa bado uani, ng'oa mlango au uufunge kwa kamba imara. Watoto hupenda kujificha humo, na mtoto aliyefungiwa ndani huishiwa hewa haraka.

Mambo ya kukumbuka

Fundi akija, muulize: "Mtungi wako wa kunasia gesi uko wapi? Cheti chako kiko wapi?" Kuuliza si ukosefu wa adabu. Anayejua kazi yake atakuonyesha bila kununa.

Kazi ifanyike nje au milango ikiwa wazi, watoto wakiwa mbali, na jiko likiwa limezimwa.

Usilipie gesi mpya kabla hujaonyeshwa mahali ilipokuwa ikivuja.

Leo ukifika nyumbani, au ukipita kwa jirani mwenye friji, someni pamoja kile kibandiko cha nyuma. Mwambie uliyoyasikia hapa. Yule mama wa vidole alipona, na sasa yeye ndiye anayewafundisha wenzake wa sokoni kuyeyusha barafu kwa bakuli la maji ya moto.