Kapasita Zinazovuja katika Kompyuta za Zamani
Macintosh SE/30, kompyuta iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1989, ingali inapendwa sana na wakusanyaji wa mashine za kale, lakini nyingi zikiwashwa leo huonyesha mistari mitupu kwenye kioo au hukosa sauti, na chanzo mara nyingi ni vikopo vidogo vya alumini vilivyolehemiwa juu ya bodi kuu. Vikopo hivyo ni kapasita, yaani vifaa vinavyotunza chaji ya umeme kwa muda mfupi na kuiachia inapohitajika, ili umeme unaozifikia chipu usiyumbe.

Ndani ya kila kikopo mna tepe mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa elektroliti, kimiminika kinachopitisha umeme, na mdomo wake umezibwa kwa mpira ambao huchakaa kwa joto na miaka hadi kimiminika kikapenya. Hapo lehemu hupoteza mng'ao na kuwa ya kijivu, shaba huota ukoko wa kijani, na fundi anapoigusisha pasi ya kulehemu hupanda harufu kama ya samaki. Kapasita yenyewe ni ya bei ndogo. Hasara kubwa ni njia za shaba za bodi zinazoliwa kimyakimya, kwa kuwa bodi ikiharibika Apple haitoi nyingine: iliacha kutengeneza mashine hii mwaka 1991. Kwa hiyo kusubiri mpaka mashine izime ndipo itengenezwe ni kosa.

Kapasita mpya huwa na ujazo uleule, kwa mfano maikrofaradi 47, na volti zisizopungua zile za awali. Mafundi wengi huchagua za tantalamu, ambazo hazina kimiminika cha kuvuja, ila zinadai uangalifu mkubwa: mstari uliochorwa juu ya kikopo cha alumini huonyesha upande hasi, ilhali juu ya tantalamu huonyesha upande chanya, na ikifungwa kinyume inaweza kuwaka moto. Kabla ya kufunga kapasita mpya, bodi husafishwa kwa spiriti ya isopropili, kwani elektroliti iliyobaki huendelea kula shaba hata baada ya kikopo kuondolewa. Njia iliyokwisha kukatika hugunduliwa kwa mita, kisha huunganishwa kwa waya mwembamba.

Anayefungua mashine hii akumbuke pia kwamba kioo chake huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa.