Mali Bila Daftari

Ndugu mkulima wa Likoni, Kisauni au Changamwe, mchuuzi ajapo shambani kununua maembe yangali mtini, nani apangaye bei? Ni yeye, kwa kuwa wewe u peke yako na karo ya watoto yangoja. Lakini mkikusanya mazao, mkayapima kwa mizani moja na kukodi lori moja hadi soko la Kongowea, hana budi kupatana nanyi nyote.

Hiyo ndiyo kazi ya chama cha ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 wakaanzisha chama kikuu chao, K.N.C.U.

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 1966 iliipa Serikali mamlaka makubwa juu ya vyama. Ile ya mwaka 1997 iliwaachia wanachama wenyewe madaraka mengi. Palipokosekana macho ya wanachama, fedha ziliharibika; ndipo mwaka 2004 sheria ikarekebishwa na usimamizi ukakazwa tena.

Basi shika mambo matatu. Kwanza, kila upelekapo mazao, dai stakabadhi. Pili, hudhuria mkutano mkuu wa mwaka. Mwenye minazi kumi na mwenye minazi mia wana kura moja moja. Tatu, omba kusomewa hesabu zilizokaguliwa, na uulize usipoelewa.

Bwana Shamba atakufundisha kupogoa mwembe. Kulinda fedha ya chama ni kazi yako. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.