Kisukari: Adui Aliye Ndani ya Ngome



Tangu mwaka 2016, jirani zetu wa Rwanda wamejiwekea desturi ya kuzifunga baadhi ya barabara za Kigali zisipite magari katika Jumapili maalumu. Wakubwa kwa wadogo hutoka kutembea na kukimbia, na wataalamu wa afya huwapima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Huo si mchezo. Ni doria dhidi ya adui asiyevuka mpaka wala kufyatua risasi: ugonjwa wa kisukari.

Adui huyu huanzaje? Wengi hudhani kwamba huletwa na sukari ya kwenye chai tu. Sivyo. Ugali, wali na ndizi, vyote mwilini hugeuka kuwa sukari, nayo huingia katika damu ili iupe mwili nguvu. Lakini haiingii misulini ovyo. Hufunguliwa mlango na kichocheo kiitwacho insulini, ambacho hutengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana, au ikibisha hodi isiitikiwe, sukari hulundikana katika damu ilhali mwili wenyewe una njaa. Ndipo mtu huona kiu isiyokwisha, akakojoa mara kwa mara na kuchoka bila sababu.

Kisukari kina aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili, ambayo ndiyo jeshi lake, hugeuza silaha na kuziangamiza chembechembe zinazotengeneza insulini. Huwapata zaidi watoto na vijana, wala si kosa lao. Kabla insulini haijagunduliwa mjini Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, ugonjwa huo ulikuwa hukumu ya kifo.

Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, nayo yatuhusu sana. Hapa insulini ipo, ila mwili umekaidi amri yake. Kongosho huongeza juhudi, mwishowe huchoka. Ukaidi huo huchochewa na urithi wa ukoo, umri, mafuta yaliyojaa tumboni na mwili usioshughulishwa. Kuruta hula sahani iliyojaa, lakini kwata na mbio za alfajiri huiteketeza. Miaka ikipita, hupanda cheo, hukalia kiti cha ofisi na huendeshwa kwa gari. Lakini sahani ni ile ile! Kitambi si nishani, ndugu askari.

Adui huyu akiachwa hupofusha macho, huharibu figo, na hutia miguu ganzi hata ikabidi ikatwe. Mwaka 2021, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu barani Afrika hawakujijua.

Basi tupime damu zetu, tupunguze sahani, na kwata isikome kwa sababu ya cheo. Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako.