Jiko la makaa si blanketi

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, mama mmoja na wanawe wawili waliletwa kwa mkokoteni katika kliniki yangu hapa Moi's Bridge. Walikuwa wakitapika na kulalamika kuumwa na kichwa, na yule mdogo alikuwa hajitambui. Majirani walinong'ona kwamba wamelishwa sumu. Kweli ilikuwa sumu, lakini haikutoka katika chakula. Usiku mama aliingiza jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha ili watoto wapate joto. Tuliwapa oksijeni, mtoto akapelekwa hospitali Eldoret, na wote wakapona. Si kila jamaa huwa na bahati hiyo.

Makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa oksijeni ilhali mtu anapumua. Wengi hudhani makaa yaliyokolea na yasiyotoa moshi hayadhuru. Hilo ni kosa kubwa.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Ukizishuku, fungua milango, mtoe mgonjwa nje na umkimbize hospitalini.

Lakini msomaji ataniuliza: tujipashe moto kwa nini basi? Moi's Bridge iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Nyumba ya mabati huwa tanuri mchana, na jua likishatua hupoa upesi. Wazee waliojenga kwa udongo walifahamu kwamba ukuta mnene huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku.

Wataalamu wameiendeleza hekima hiyo. Mwaka 1881, Edward Morse wa Marekani alisajili uvumbuzi wa kupasha vyumba joto kwa jua kupitia ukutani. Mwaka 1967, Félix Trombe na Jacques Michel walijenga nyumba ya namna hiyo huko Odeillo, katika milima ya Ufaransa.

Ukuta wenyewe ni mnene, wa mawe, matofali au zege. Upande wa nje hupakwa rangi nyeusi, kisha kioo huwekwa mbele yake na kuachiwa nafasi ndogo. Ukutani huwa na matundu chini na juu. Hewa baridi ya chumbani hupita tundu la chini, hupashwa moto na jua, hupanda na kurudi ndani kupitia tundu la juu. Jua likitua matundu hufungwa, la sivyo mzunguko hugeuka na chumba kikapoa. Joto lililohifadhiwa ndani ya ukuta huendelea kupenya polepole na kufika chumbani saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamelala.

Kwetu, karibu na ikweta, ukuta unaofaa ni wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri. Paa lisiutie kivuli.

Sitaki kukudanganya. Kioo kina gharama, na siku za mawingu ukuta huu hautoi joto la kutosha. Hata hivyo, hakuna kinachoungua ndani yake, kwa hivyo hautoi gesi wala moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Wewe unayejenga nyumba za kupangisha, zungumza na fundi kabla ya msingi kuchimbwa. Ukuta mmoja mnene, hata usipokuwa na kioo, utahifadhi joto kuliko bati tupu. Nawe mpangaji, ongeza blanketi, wavishe watoto soksi, na utoe jiko nje kabla ya kulala. Usilirudishe ndani hata kama majivu yameyafunika makaa.