Nsansa ya Dutwa na mifupa ya kina mama

Kilichonisimamisha Dutwa ni maji ya kijani, kiasi cha kikombe, yaliyobaki kwenye sufuria ya mama muuza mboga. Nilidhani atayamwaga. Akayarudisha jikoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu, nikaketi kando ya mkeka wake.

Anatengeneza nsansa: majani ya kunde ya msimu wa mvua, akiba ya kiangazi, bustani zikishakuwa vumbi. Huyachuma kunde hazijatoa maua, maana yakikomaa huwa na nyuzi. Huondoa vikonyo, huyaosha yakiwa mazima, kisha huyachemsha kwa maji machache. Hapo alikazia sana: maji yakaukie ndani ya jani, kuyamwaga ni kumwaga mboga yenyewe. Huanika siku mbili tatu, akigeuza kwa vidole, mpaka jani livunjike kwa mlio. Siku ya kupika huroweka, akatia karanga zilizotwangwa. Karanga, anasema, ni za utamu.

Zina kazi zaidi ya utamu. Majani ya kijani yana kalisi, pamoja na vitamini K inayoamsha protini ya kushika kalisi mfupani. Vitamini hiyo huyeyuka kwenye mafuta, na karanga ndizo zenye mafuta. Na ile kalisi iliyoyeyukia majini, mama huyu anairudisha mbogani. Mchicha nao una kalisi tele, ila oksalati yake huifunga, mwili ukaambulia kidogo.

Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na mfupa hubomoka haraka kuliko unavyojengwa. Mwaka 1999, utafiti wa wauguzi 72,327 wa Marekani ulionyesha kuwa waliokula majani ya saladi kila siku walivunjika nyonga kwa nadra zaidi kuliko waliokula mara moja kwa wiki au pungufu. Huenda ni jani, huenda ni maisha yao kwa jumla.

Jua haliondoi madini, lakini mwanga huharibu vitamini K. Gunia la nsansa likifika Septemba, limebaki na kiasi gani? Nikamuuliza kuhusu kuanika kivulini. Akatazama mawingu: kivulini huota ukungu.

Pembeni, mama mkwe wake alikuwa akiondoa vikonyo. Nsansa ameila tangu utoto, na mgongo wake umepinda. Bila nsansa, ungepinda mapema zaidi?