Swalah ya Alfajiri Ndani ya Ndege ya Usiku: Swali Kutoka Sumbawanga



SWALI:

Sisi ni familia ya Unguja, lakini tunaishi Sumbawanga mkoani Rukwa kwa kazi. Dada yetu yuko Uingereza na amejifungua mtoto wake wa kwanza. Anamuomba mama aende akamuangalie. Mama ana miaka 70 na anaumwa kisukari. Safari iliyopita mimi ndiye niliyemsindikiza, tukapanda ndege ya usiku, daraja la kawaida. Alfajiri alitaka kuswali, nikamwambia asubiri tutaswali tukifika. Tulipotua jua lilikuwa limeshatoka. Mama alilia, na akaapa kwa jina la Allaah kwamba hatapanda ndege tena. Sasa mjukuu anamngoja, naye amekaa na kiapo chake. Tufanye nini? Na mtu aliyebanwa kwenye kiti kile ataswali vipi?

JIBU:

Himdi Anastahiki Allaah, na Swalah na salamu zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Ndugu yetu muulizaji, machozi ya mama yako ni dalili njema ya iymaan yake. Swali lako tumelipokea mara nyingi kutoka kwa ndugu wa Unguja na Pemba wanaosafiri kwenda Ulaya, China na kwengineko. Kwa hiyo tumeona tulieleze kwa urefu ili familia nyingine zinufaike. Tutafuata madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi’iy, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika visiwa vyetu, na penye khitilafu tutaitaja.

Kwanza: Kuhusu Kiapo

Mwenye kuapa kutofanya jambo, kisha akaona kulifanya ndiyo kheri, Sunnah imemuelekeza alifanye lile lenye kheri na atoe kafara ya kiapo chake. Kumtembelea binti aliyejifungua ni kuunga udugu, na hiyo ni kheri isiyo shaka. Kafara imetajwa katika Suwratul-Maaidah, aayah ya 89: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa. Asiyeweza lolote katika hayo atafunga siku tatu. Kwa Mashaafi’iy kila masikini hupewa kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa na watu wa mji, na kwa Sumbawanga mahindi yanatosha. Mama akishatoa hayo, dhima yake imeondoka in shaa Allaah. Swalah iliyopita, maadamu ameshailipa, hana deni jengine. Wewe ndiye unayepaswa kutubia, kwa kuwa ulimshauri bila ya ilimu.

Pili: Kwa Nini Alfajiri Ndiyo Yenye Mtihani

Msafiri wa masafa ya marhala mbili, yaani kilomita zinazopindukia 80, ameruhusiwa kupunguza Swalah za rakaa nne na kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Ishaa. Alfajiri haipunguzwi wala haichanganywi na nyingine. Wakati wake unaanza inapotoka alfajiri ya kweli na unamalizika jua linapochomoza. Katika Suwratun-Nisaa, aayah ya 103, tumefahamishwa kwamba Swalah imewekewa nyakati zake maalumu. Kwa hiyo kusema “tutaswali tukifika” kunafaa tu ukiwa na yakini kwamba mtafika wakati bado upo.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika, na si ngumu. Chukua ndege inayoruka Dar es Salaam saa tano usiku na kwenda moja kwa moja kaskazini mwa Ulaya kwa muda wa saa tisa hivi. Itatua saa mbili asubuhi kwa saa ya kwetu.

Mwezi wa Juni, usiku wa Ulaya ni mfupi sana. Alfajiri itawaingilia kiasi cha saa tano baada ya kuruka, mkiwa kwenye anga ya Misri au mmeanza kuivuka Bahari ya Kati. Saa ya mkononi iliyobaki kwenye saa za Afrika Mashariki itakuwa inakaribia saa kumi. Kabla ya saa kumi na mbili jua litakuwa limetoka, na safari bado ina saa mbili. Anayengoja kutua ameikosa Swalah. Bila shaka hivi ndivyo ilivyokuwa safari yenu.

Mwezi wa Disemba mambo ni kinyume. Ndege hiyo hiyo itatua huko saa kumi na mbili asubuhi kwa saa ya wenyeji na bado ni giza, kwani jua huchelewa mpaka karibu saa tatu asubuhi. Hapo mnaweza kuswali uwanjani kwa utulivu.

Anayekwenda mashariki, kama wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou, usiku wake unafupika zaidi, kwa sababu China iko mbele yetu kwa saa tano. Anaweza kuona ndiyo kwanza amesinzia na alfajiri imeingia.

Pia juu angani jua huonekana mapema kuliko kwa walioko chini, dakika kumi na kadhaa au zaidi, kwa sababu ya urefu wa ndege kutoka ardhini. Abiria anafuata anachokiona yeye dirishani, hafuati saa ya mji uliopo chini yake. Kwa hiyo msingoje dakika za mwisho. Ukiona weupe umetanda kwenye upeo wa macho upande wa mashariki, inukeni.

Tatu: Wudhuu na Usingizi wa Kwenye Kiti

Katika madhehebu yetu, aliyelala hali ya kuwa ameketi na makalio yamethibiti barabara kwenye kiti, wudhuu wake haukutenguka. Anayelala chali au ubavu unatenguka. Kwa hiyo abiria wa daraja la kawaida, ambaye kiti chake hakilali, anaweza kuamka Alfajiri na wudhuu wake wa Ishaa, wakati tajiri wa mbele aliyetandikiwa kitanda itambidi atawadhe upya! Akiwa na shaka kama alithibiti au hakuthibiti, basi asli ni kubaki kwa wudhuu.

Jambo la kuangalia ni kugusana ngozi na mtu baki wa jinsia nyingine, kwani kwa Mashaafi’iy kunatengua wudhuu, na viti vile vimebanana. Muweke mama dirishani na wewe mwanawe ukae baina yake na abiria mwengine. Mikono mirefu ya nguo itasaidia.

Akihitaji kutawadha, maji ya chooni yanatosha. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na hicho hakifiki lita moja. Chukueni kikombe, aoshe mara moja moja viungo vya faradhi, kisha ufute sinki na sakafu ili anayefuata asiteleze. Chupa ya kupuliza inafaa iwapo maji yatatiririka juu ya kiungo. Unyevu mtupu hautoshi kwa viungo vya kuoshwa.

Kazi kubwa kwa mzee ni kuosha miguu katika choo kile chembamba. Dawa yake ni khufu za ngozi. Akizivaa akiwa na wudhuu kamili, msafiri anaruhusiwa kupaka juu yake siku tatu na usiku wake. Soksi nyembamba za kawaida, pamoja na zile za kubana zinazotolewa na madaktari, hazifai kupakwa katika madhehebu yetu.

Nne: Kusimama na Qiblah

Visiwani tumezoea kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makkah iko karibu sawa na kaskazini yetu. Sumbawanga mnaelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki. Ndege ya Ulaya inapoanza safari, Qiblah kiko mbele. Lakini inapofika juu ya Bahari ya Kati, Makkah imebaki nyuma, kusini mashariki. Mwenye kuswali kwenye kiti akitazama mbele atakuwa ameipa Qiblah mgongo. Tazameni ramani iliyo kwenye kioo cha kiti au muulize mhudumu.

Swalah ya faradhi inataka kusimama, kurukuu, kusujudu na kuelekea Qiblah kwa anayeweza. Sehemu ya nyuma ya ndege, karibu na jiko la wahudumu, mara nyingi hupatikana nafasi ya mtu mmoja. Mwende mapema kabla hawajaanza kugawa chakula cha asubuhi, muombe kwa upole, na mueleze kuwa ni dakika tatu tu. Swalini mmoja mmoja. Taa ya mikanda ikiwaka, rudini kwenye kiti, kwani kulinda nafsi nako ni wajibu.

Mkikataliwa, au mama akashindwa kusimama, tofautisheni hali mbili. Ikiwa ni maradhi au udhaifu wa mwili, ataswali ameketi kama Hadiyth ya ‘Imraan bin Huswayn (Radhwiya Allaahu ‘anhu) ilivyofundisha, na Swalah yake ni kamili akielekea Qiblah. Ikiwa kizuizi ni nafasi au ruhusa, aswali kwenye kiti kwa kuashiria, sijda iwe chini zaidi kuliko rukuu, kwa ajili ya kuheshimu wakati. Kisha kwa Mashaafi’iy airudie akitua. Wako Maulamaa wengine wanaosema hakuna kurudia, kwani amefanya awezalo. Kurudia ni ihtiyaatw, na ni rakaa mbili tu.

Tano: Njia ya Kutoka Sumbawanga

Safari yenu haianzi uwanja wa ndege. Kutoka Sumbawanga kupitia Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Mnakuwa wasafiri pale mnapoyaacha majumba ya mji, si mnapokata tiketi. Tena basi si ndege: linaweza kusimama. Dereva anayesimamisha abiria wakachimbe dawa anaweza pia kuwasubiri mkaswali. Mzungumzeni na kondakta kabla ya kuondoka, na chaguo la basi liwe la mwenye kukubali. Wenye nauli wanaweza kukata safari Mbeya na kupanda ndege uwanja wa Songwe.

Mkinuia kukaa Dar siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari inakatika na mtaswali kamili. Mkipita tu, punguzeni. Usiku wa kuruka, Magharibi na Ishaa swalini uwanjani kabla ya kupanda, kwani nyakati zote mbili zimeshaingia.

Sita: Afya ya Mama

Watu wa visiwani wakisikia kuwa hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi huingiwa na hofu. Nyinyi mna kipimo nyumbani. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na milima ya Mbizi inafika mita 2,400 hivi. Hewa ndani ya ndege hutengenezwa ifanane na ya urefu usiozidi huo wa Mbizi, na katika ndege kama Boeing 787 hufanana na ya Sumbawanga yenyewe. Ikiwa mama anaishi hapo na anapumua vizuri, Alhamdu liLlaah. Mwenye maradhi ya moyo, mapafu au selimundu amuone daktari kwanza.

Khatari inayosahauliwa ni damu kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi kunaongeza khatari hiyo kiasi cha mara mbili, iwe ndege, basi, gari au treni. Kwa hiyo mzee akitoka kwenye basi la Sumbawanga na kuingia moja kwa moja kwenye ndege ya saa tisa, amejumlisha mawili. Apumzike Dar angalau usiku mmoja. Ndani ya ndege anywe maji, azungushe vifundo vya miguu, na ainuke kutembea. Kule kuinuka kwenda kutawadha na kuswali nako kunamsaidia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au akapata maumivu ya kifua na pumzi kumbana, apelekwe hospitali mara moja.

Dawa za kisukari zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini, kwani inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Saa za kuitumia zitabadilika, basi muulizeni daktari mapema na muandike kwenye karatasi.

Khitimisho

Mwambie mama kwamba Dini yake haimlazimishi achague baina ya Swalah na mjukuu. Atoe kafara, avae khufu zake, na wewe uwe macho saa kumi alfajiri ili yeye alale bila ya wasiwasi. Safari iliyopita wewe ndiye uliyemwambia asubiri. Safari hii uwe wewe wa kumuamsha.

Tunamuomba Allaah Awafikishe salama, Amlee mtoto katika kheri, na Atukubalie sote. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.